Jike wa chokoleti na dume wa chokoleti: jibu kwa msomaji anayetaka kuzalisha Rocky Mountain Horse

Swali: *Mtaalamu, habari za kazi. Ninaishi Lexington, Kentucky, na ninahudumia farasi kwenye shamba moja nje ya mji. Mwenye shamba anataka kuniuzia farasi jike aina ya Rocky Mountain, miaka minane, rangi ya chokoleti, mkia na manyoya ya shingo meupe, ana karatasi. Hajawahi kuzaa. Jirani ana dume wa rangi hiyohiyo na amesema atampandisha bure. Nia yangu nipate mtoto wa rangi hiyo, nimpeleke maonyesho ya hapa kwetu, kisha nimuuze. Kuna faida? Nianzie wapi?*

Jibu: Ndugu, nianze na la haraka, maana jirani huyo anaweza kukupigia simu kesho. Usimpandishe jike kwa dume huyo kabla ya wote wawili kupimwa jeni ya silva. Bure hiyo inaweza kukugharimu kuliko ada ya dume wa kulipia.

Farasi wa chokoleti ni farasi mweusi aliyebeba silva. Jeni hii hufifisha weusi: mwili unakuwa kahawia, na manyoya ya shingo na mkia yanapauka hadi kuwa meupe. Nakala moja inatosha kuleta rangi. Nakala moja hiyohiyo inaweza kuleta vifuko vidogo vya majimaji ndani ya jicho, lakini farasi wengi wa namna hiyo huona vizuri na kufanya kazi maisha yao yote. Balaa liko kwenye nakala mbili. Mtoto aliyerithi silva kwa mama na kwa baba huzaliwa na mkusanyiko wa kasoro za macho ambao madaktari huuita MCOA: jicho limetokeza kupita kiasi, mboni ni ndogo na haipanuki gizani wala kwa dawa ya matone, na pengine retina imekunjamana au imebanduka. Hali hiyo haizidi kadiri anavyokua, ila haina tiba.

Sasa piga hesabu. Ukipandisha chokoleti kwa chokoleti, kila mmoja akiwa na nakala moja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mwenye nakala mbili, 2 kati ya 4 ya mtoto mwenye nakala moja, na 1 kati ya 4 ya mtoto asiye na silva. Ukimpandisha jike huyohuyo kwa dume mweusi asiye na silva, nusu ya nafasi ni mtoto wa nakala moja, nusu ni asiye nayo, na nakala mbili haiwezekani kabisa. Tazama vizuri: nafasi ya kupata chokoleti wa nakala moja ni nusu kwa njia zote mbili. Kwa dume wa chokoleti huongezi chochote ila watoto wenye macho mabovu, ambao nao huzaliwa na rangi nzuri ya kumdanganya mnunuzi.

Usipime kwa macho yako. Silva haigusi wekundu, kwa hiyo farasi mwekundu anaweza kuibeba bila kuonyesha dalili yoyote. Na wapo weusi ambao silva imewafifisha kidogo mno hata unaapa ni weusi tii. Kipimo ni rahisi: ng'oa (usikate) nywele 20 hadi 30 za shingoni zikiwa na mizizi yake, zitie kwenye bahasha ya karatasi, uzipeleke maabara ya jenetiki ya mifugo kama ile ya Chuo Kikuu cha California, Davis. Omba silva pamoja na rangi ya msingi. Rangi ya msingi ina maana kwako, kwa sababu jike wako anaweza kuwa amebeba wekundu kwa siri. Akikutana na dume naye mwenye wekundu wa siri, robo ya nafasi ni mtoto mwekundu ambaye hata akiwa na silva haionekani. Dume unayemtaka ni mweusi, mwenye nakala mbili za weusi, asiye na silva.

Karatasi: kusajiliwa ni kimoja, kuidhinishwa ni kingine

Aina hii ilitoka milimani mashariki ya Kentucky. Wengi wa leo wanarudi kwa Old Tobe, dume wa Sam Tuttle aliyekuwa akikodisha farasi wa kupanda kwa wageni wa hifadhi ya Natural Bridge. Chama cha Rocky Mountain Horse (RMHA) kilianzishwa 1986, na tangu mwanzo kilijali mambo manne: mwendo wa asili wa mapigo manne, tabia tulivu, kimo cha kati ya sentimita 147 na 163 begani, na rangi moja ya mwili bila weupe juu ya magoti.

Farasi husajiliwa akiwa mtoto, nasaba yake ikithibitishwa kwa DNA. Lakini ili watoto wake wasajiliwe, lazima yeye mwenyewe awe ameidhinishwa kuzalisha: akishafikisha miezi 23 au zaidi anakaguliwa umbo, tabia, na mwendo akiwa amepandwa. Hapa ndipo wanunuzi wapya wanapoumia. Muuzaji anakuambia "ana karatasi", na kweli anazo, ila ni za usajili tu. Omba kuona uthibitisho wa kuidhinishwa, kisha piga simu chamani ulinganishe. Ukikuta bado, hiyo ni sababu ya kushusha bei, na kazi yako ya kwanza itakuwa kumwidhinisha. Wengi pia wamesajiliwa na chama cha Kentucky Mountain Saddle Horse kilichoanza 1989. Kila kitabu cha usajili kina masharti yake, kwa hiyo kuidhinishwa kwa kimoja usikuchukulie kuwa kumeenea hadi kingine.

Jambo la pili kwenye karatasi: jina la mmiliki liwe la huyo anayekuuzia. Kama farasi alipita mikono mitatu bila kuhamishwa, wewe ndiye utakayewatafuta hao watatu ili waweke sahihi.

Mwendo wa jike ndio mtaji

Mnunuzi halipii Rocky Mountain kwa sababu ya picha. Picha inamleta shambani. Anayemfanya atoe pesa ni mgongo uliotulia chini yake. Mwendo wa aina hii ni telki, ule uliompa punda wa kupandwa sifa yake pwani: miguu inashuka mmoja mmoja, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, kwa nafasi sawa, bila kurushwa kunakotokea kwenye matiti, yaani ule mwendo wa mapigo mawili wa kurukaruka.

Mpime hivi. Mpande au mwombe mtu ampande kwenye lami au sakafu ngumu, ufumbe macho usikilize. Unataka mapigo manne yaliyolingana. Ukisikia mawili mazito, miguu ya upande mmoja inakwenda pamoja na mpandaji anayumba kama aliye juu ya ngamia. Ukisikia mawili huku mpandaji anarushwa juu na chini, hayo ni matiti. Kati ya hapo kuna mapigo manne yasiyolingana, yanayokwenda wawili-wawili, na hilo ndilo kosa la kawaida zaidi. Sikio likikudanganya, rekodi kwa simu, video ya mwendo wa polepole, ukisimama ubavuni mita 10 hivi. Mpime kwa mwendo wa taratibu, wa kati na wa haraka, kisha kwenye mteremko na mpando. Mwenye mwelekeo wa kuunganisha miguu ya upande mmoja hufichuka akiteremka. Mwenye matiti hufichuka akipanda. Mpime pia asipopandwa, akikimbia huru malishoni, maana hapo hakuna lijamu wala mpandaji stadi wa kumsahihisha.

Mwaka 2012 watafiti waliokuwa Sweden walitangaza badiliko kwenye jeni ya DMRT3 linaloruhusu farasi kwenda miendo ya namna hii. Kipimo kipo, na ukipata dume mwenye nakala mbili ni vizuri. Usikichukulie kama cheti cha ubora. Kinasema farasi anaweza. Hakisemi atakwenda vizuri. Jike akiwa na mwelekeo wa kuunganisha miguu, mtafutie dume mwenye mapigo safi hata akienda taratibu, wala si dume mwenye kasi.

Tazama na tabia. Mnunuzi wa kawaida wa farasi huyu ni mtu wa makamo, magoti au kiuno kinamsumbua, anataka mnyama atakayesimama tuli wakati wa kupanda. Jike anayeuma, anayekataa kushikwa miguu ya nyuma, au anayechanganyikiwa akiachwa peke yake, atamfundisha mtoto wake hayohayo kwa miezi sita kabla wewe hujaanza somo lako.

Kumpandisha

Kwa umri wa miaka minane hajachelewa, ila hajawahi kuzaa, kwa hiyo mlipe daktari wa mifugo amkague uzazi kabla hujamlipa mwenye shamba. Ukaguzi uwe na ultrasaundi ya kizazi na vifuko vya mayai, sampuli ya ndani ya kizazi kuangalia maambukizi, na umbo la nje: uke uliolala kuelekea ndani huingiza hewa na kinyesi, na jike wa hivyo hushonwa sehemu ya juu ili mimba ishike. Unene uwe kama 6 kwenye kipimo cha 1 hadi 9: mbavu huzioni, ukipapasa unazipata.

Majike huingia joto siku zinaporefuka, takribani kila siku 21, na joto hudumu siku tano hadi saba. Yai hutoka siku moja au mbili kabla joto halijaisha, ndiyo maana kupandisha siku ya kwanza tu ni kupoteza safari. Daktari akifuatilia kwa ultrasaundi atakuambia kifuko chenye yai kimefika milimita 35 au zaidi na lini kupandisha. Siku ya 14 hadi 16 baada ya yai kutoka, rudi kwa ultrasaundi. Safari hii watu huikwepa kuokoa pesa, na ndiyo ya maana kuliko zote: ni ya kutafuta mapacha. Farasi hawezi pacha; mara nyingi huharibu mimba zote mbili, tena zikiwa zimekua. Siku hizo daktari anaweza kuminya kijusi kimoja na kingine kikaendelea. Baada ya hapo kazi inakuwa ngumu. Siku ya 25 hadi 28, angalia mapigo ya moyo.

Mimba ni siku 340 hivi, na wiki mbili au tatu za kupungua au kuzidi si ajabu. Ukipandisha tarehe 15 Mei, tegemea kuzaa karibu na 20 Aprili. Kwa kazi yako huna haja ya kuwasha taa bandani majira ya baridi ili azae Januari. Hilo ni la watu wa mbio.

Nyasi za Kentucky zinaua watoto wa farasi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mkoa wako unapotofautiana na kwingine. Malisho mengi ya Kentucky na Tennessee yamejaa nyasi za feski, hasa aina ya Kentucky 31 ambayo Chuo Kikuu cha Kentucky kiliitoa kwa wakulima 1943. Inavumilia ukame, inavumilia kukanyagwa, na ng'ombe wanaishi nayo kwa taabu kidogo. Ndani ya majani yake anaishi kuvu asiyeonekana kwa macho, naye hutoa sumu inayozuia homoni ya maziwa. Jike mwenye mimba akiila miezi ya mwisho, mimba hupitiliza, kondo la nyuma hunenepa, mtoto huzaliwa mkubwa na dhaifu, na mama hana tone la maziwa. Majani mabichi yana sumu, na makavu yaliyofungwa pia yanayo. Kwa hiyo kumfungia bandani na kumlisha nyasi kavu za shamba lilelile hakujatibu kitu.

Mwondoe kwenye feski siku 60 hadi 90 kabla ya kuzaa. Kwa hesabu yetu ya 20 Aprili, kuanzia mwisho wa Januari ale nyasi kavu za timothi, za orchadi au alfalfa, na umwulize muuzaji kwa jina zilikatwa shamba la nini. Kilo 9 kwa siku kwa jike wa kilo 450 ni mwanzo mzuri. Miezi mitatu ya mwisho ongeza chakula cha punje kilichotengenezwa kwa ajili ya majike wenye mimba, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Akishazaa, mahitaji yake yanapanda sana, naye anaweza kula hadi asilimia 3 ya uzito wake kwa siku. Kama huna namna ya kumwondoa kwenye feski, mweleze daktari mapema: ipo dawa ya domperidoni, miligramu 1.1 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku kuanzia siku 10 hadi 15 kabla ya tarehe. Ni dawa ya daktari, si ya kuazima kwa jirani.

Hatari nyingine ya mkoa ni viwavi wanaofuma utando kwenye micheri pori. Majira ya kuchipua ya 2001 mashamba ya Kentucky yalipoteza maelfu ya mimba na watoto, na uchunguzi uliwaelekea viwavi hao: majike waliwala pamoja na nyasi. Aprili na Mei usimlaze jike mwenye mimba chini ya micheri hiyo.

Chanjo ya virusi vya herpes vinavyoharibu mimba hutolewa mimba ikiwa ya miezi 5, 7 na 9. Chanjo za kawaida (pepopunda, kichaa cha mbwa, West Nile, homa za ubongo za farasi) zirudiwe wiki nne hadi sita kabla ya kuzaa ili kinga iingie kwenye dang'a.

Usiku wa kuzaa

Matone kama nta kwenye chuchu yanaashiria siku moja hadi nne zilizobaki. Maji yakishapasuka, mtoto atoke ndani ya dakika 30. Zikipita, daktari awe njiani. Unachotaka kuona kwanza ni mfuko mweupe wa kijivu wenye miguu miwili ya mbele, mmoja umetangulia kidogo, na pua juu yake. Ukiona kitu chekundu kama velveti, usingoje mtu: kondo limebanduka kabla ya wakati, mtoto hapati hewa. Lipasue papo hapo, umvute mtoto. Kwa jike aliyekula feski jambo hili si la nadra.

Baada ya hapo kuna kipimo cha saa moja, mbili, tatu: ndani ya saa moja asimame, ndani ya mbili anyonye, ndani ya tatu kondo liwe limetoka lote. Kondo lisivutwe kwa mkono. Lifunge juu lisikanyagwe na umwite daktari. Kitovu kichovye kwenye klorheksidini iliyopunguzwa makali. Kati ya saa 18 na 24 mtoto apimwe damu kama kinga ya dang'a imeingia. Inatakiwa izidi miligramu 800 kwa desilita. Ikiwa chini, kuna plazima ya mshipani, na kuchelewa siku mbili ni kumzika. Kwa uzao huu ongeza kumulika macho yake kwa tochi: mboni isiyojibana wala kupanuka ni habari unayotaka kuijua mapema kuliko mnunuzi.

Maonyesho

Majira ya kiangazi kaunti nyingi za Kentucky zina maonyesho yao, na Lexington kwenyewe kuna Kentucky Horse Park, ambako watu wa Rocky Mountain hukutana kwa maonyesho yao makubwa Septemba. Anza na ya kaunti. Mtoto huingia daraja la kuongozwa kwa mkono. Mfundishe mambo matatu tu: kutembea bega lake likiwa sawa na lako bila kuvutwa, kusimama miguu minne ikiwa imekaa sawa, na kuguswa mwili mzima na mtu mgeni. Dakika kumi kila siku zinazidi saa nzima ya Jumamosi.

Farasi wa kupandwa huitwa kwa mwendo wa taratibu, kisha wa kasi, pande zote mbili za uwanja, halafu mstari, kusimama tuli na kurudi nyuma. Wanaoanza wengi hushindwa kwa kukimbilia. Wanaona farasi wa mbele anawaacha, wanasukuma, telki inavunjika inakuwa mapigo mawili, na jaji amesimama palepale kwenye kona. Kasi ambayo mapigo manne bado yako safi ndiyo kasi yako siku hiyo, hata ukiwa wa mwisho kuzunguka. Farasi anayeunganisha miguu ya upande mmoja mfanyie kazi nyumbani kwa kwenda taratibu, mipando, na magogo membamba yaliyolazwa chini avuke. Ni miezi, si wiki.

Kwato na viatu viwe vya kawaida. Huko Tennessee farasi wa Walking Horse wamekuwa wakiumizwa miguu kwa kemikali na minyororo ili wainue hatua, na sheria ya shirikisho ya 1970 inayolinda farasi ilitungwa kwa sababu hiyo. Inahusu aina zote. Na inakuhusu wewe mhudumu: kumsafirisha farasi aliyeumizwa hivyo kwenda maonyesho au mnadani nako ni kosa, si kumpanda peke yake. Mkufunzi akikupa chupa ya "dawa ya miguu" uipake kabla ya safari, muulize kilichomo, asipokujibu, usiipake.

Huingii uwanjani bila cheti cha kipimo cha Coggins, kile cha damu cha upungufu wa damu wa kuambukiza, kisichozidi miezi 12. Ukivuka mpaka wa jimbo ongeza cheti cha afya cha daktari cha siku 30.

Faida

Uliuliza hili, nami nimelichelewesha makusudi. Weka risiti zako mahali pa bei hizi, nimeziweka za kupigia hesabu tu. Tuseme unalipa dola 250 kwa mwezi za kumtunza jike, tangu kumpandisha hadi mtoto aachishwe kunyonya, miezi 17: 4,250. Daktari wa upandishaji 700, ada ya dume 600, chanjo na minyoo 500, kukata kwato kila wiki saba 500, daktari wa kuzaa na kipimo cha kinga 350, DNA na usajili 150. Jumla dola 7,050, bila bei ya jike, bila dharura hata moja. Mtoto wa miezi sita ambaye hakuna anayejua atakwendaje, hata awe na mkia mweupe kama maziwa, soko la kawaida halitoi pesa hiyo. Ukimngoja hadi miaka minne, miezi 42 zaidi ni dola 10,500 za matunzo kabla ya mafunzo, na ada za mafunzo ndizo zinazompa bei.

Kwa hiyo, kama utalipa matunzo kwa mwezi, usizalishe kwa ajili ya biashara. Faida yako iko mikononi mwako, haiko tumboni mwa jike. Wewe unajua kushika farasi kila siku. Nunua dume aliyehasiwa wa miaka mitatu, mwenye karatasi na mapigo manne safi, ambaye hajafundishwa. Mfundishe mwaka mmoja, mpeleke maonyesho matatu manne ya kaunti aonekane, mvukishe mito na barabara zenye malori, umuuze akiwa na kazi. Huyo ndiye wanunuzi wa makamo wanamtafuta, na mwaka mmoja wa matunzo ni mfupi kuliko mitano. Hesabu ya kuzalisha hubadilika tu kama mwenye shamba atakubali malisho yawe sehemu ya ujira wako. Hapo mwandikiane: nani analipa daktari, nani anamiliki mtoto, itakuwaje ukiacha kazi. Na uulize chama kuhusu mfuko wa serikali ya jimbo wa motisha kwa wazalishaji: unatokana na kodi ya mauzo kwenye ada za kupandisha, na asilimia 7 yake ni ya aina zisizo za mbio.

Siku ya kuuza, video inafanya kazi kuliko maneno. Iwe fupi, bila muziki ili mapigo yasikike: kukamatwa malishoni, kutandikwa bila kufungwa, kupandwa akiwa amesimama, miendo yote pande zote mbili kwenye ardhi ngumu, kuinuliwa miguu, kuingia kwenye trela. Kwenye tangazo andika matokeo ya silva, kama mnunuzi anaijua jeni hiyo au haijui. Akitaka daktari wake amkague, mkubalie, ila daktari huyo asiwe wako.

Sheria ya Kentucky inataka mauzo ya farasi wa maonyesho na wa kuzalisha yawe na hati ya maandishi yenye sahihi za pande zote mbili, na dalali anayepokea kutoka pande zote lazima aseme wazi. Kwenye hati weka jina la usajili, namba, tarehe, bei, na kila kasoro unayoijua. Hundi ya benki hughushiwa, na mnunuzi wa mbali anayetuma zaidi ya bei ili umrudishie chenji ni tapeli. Farasi asitoke bandani kabla benki haijakuthibitishia kuwa pesa ni zako, na fomu ya kuhamisha umiliki itume chamani mwenyewe siku hiyohiyo. Ukimwachia mnunuzi, miaka mitatu baadaye mtu wa nne atakupigia simu kuomba sahihi.